Naomba ushauri: vitu vya kumtuliza mzazi msamba (sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa) baada ya kujifungua, nirekebishe wapi?

Shangazi Mtarajiwa

Habari zenu wadau. Wifi yangu yuko wiki ya 36, anatarajia kujifungua kwa njia ya kawaida, na mimi nimekabidhiwa kuandaa vitu vya kumtuliza siku za mwanzo akirudi nyumbani. Maelekezo niliyokusanya yanagongana. Mpango wangu hadi sasa ni huu:

Pedi 20 za kugandisha. Kila pedi namwagia nusu kikombe cha maji na vijiko viwili vya chakula vya utomvu wa aloe vera nitakaoukamua mwenyewe, kisha friza.

Beseni la kukalia: lita 5 za maji ya moto, kikombe kizima cha chumvi, matone kumi ya mafuta ya lavender. Nusu saa, mara tano kwa siku.

Chupa ya kunawia: maji na kifuniko kimoja cha dawa ya kuua vijidudu.

Nikosoeni bila huruma. Kipi kitamuumiza? Na mambo yakigeuka akafanyiwa upasuaji, kipi kinabaki?

Mkunga Zamu ya Usiku

Anza na chupa, maana ndiyo atakayoitumia kuliko vyote. Dawa ya kuua vijidudu itoe kabisa. Inachoma, inakausha ngozi, na inaua bakteria wazuri wa ukeni ambao ndio walinzi wa mahali pale. Maji safi ya vuguvugu yanatosha. Kama maji yenu hamyaamini, chemsha, funika, acha yapoe.

Chupa yenyewe iwe laini, ya kubinyika, ya mililita 250 hadi 500. Isiyo na mdomo wa kunyunyizia, toboa kifuniko matundu matano au sita kwa sindano iliyopashwa moto. Tundu moja kubwa linatoa mkondo mkali unaogonga mshono, kama alichanika akashonwa.

Matumizi: aketi chooni, aanze kumwaga kabla mkojo haujatoka, aendelee wakati anakojoa, amalizie baada. Mkojo una chumvi na asidi, ndiyo maana unawasha pale palipochubuka. Maji yanaupunguza makali kabla haujafika. Amwage kwa nje tu, kutoka mbele kwenda nyuma. Kamwe asielekeze mkondo ndani ya uke. Kisha ajikaushe kwa kugusisha kitambaa safi au karatasi laini, asisugue.

Anayeogopa kuungua hubana mkojo, na kibofu kilichojaa kinazuia mfuko wa uzazi kujikaza, damu inaongezeka. Kwa hiyo chupa hii usiichukulie kama kitu cha starehe tu. Aende chooni kila saa mbili au tatu mchana, hata kama hajisikii, kwa sababu baada ya kujifungua hisia za kibofu hupungua kwa muda. Zikipita saa sita tangu kujifungua au tangu kutolewa mpira wa mkojo bila kukojoa, mwiteni mhudumu.

Barafu Kwanza

Pedi zako zitashindwa, na sababu ni nusu kikombe cha maji. Hiyo ni zaidi ya mililita 100. Pedi itakuwa jiwe, haitapinda kufuata umbo la mwili, na ikiyeyuka itachuruzika. Kuna ubaya mwingine ambao wengi hawaufikirii: pedi iliyoshiba maji haifyonzi damu tena, na damu ikichanganyika na maji huwezi kujua anavuja kiasi gani. Siku hizo za mwanzo kipimo cha damu ni pedi.

Fanya hivi. Chukua pedi nene na ndefu, isiyo na manukato. Nawa mikono. Ifungue bila kubandua karatasi ya gundi nyuma. Mwaga vijiko viwili vya chakula vya maji yaliyochemshwa yakapoa, yaani mililita 30, kwa mstari katikati, ukiacha kingo kavu. Ikunje kidogo kama upinde, irudishe kwenye kifuko chake, iweke friza saa moja au mbili. Ukiikunja mara tatu kama ilivyotoka dukani itagandamana na kupasuka ukiifungua.

Kabla ya kutumia, itoe dakika tano ilegee. Weka kitambaa chembamba safi kati yake na ngozi. Dakika 10 hadi 15, basi. Avae pedi kavu, apumzike angalau saa moja kabla ya nyingine. Barafu ikigusa ngozi moja kwa moja inaunguza kama moto, na sehemu iliyovimba ina ganzi, haitampa taarifa mapema.

Baridi inabana mishipa midogo, uvimbe unapungua. Kazi yake kubwa ni siku mbili tatu za kwanza, kwa hiyo pedi 20 ni nyingi. Nane zinatosha, na ukiishiwa, barafu iliyopondwa ndani ya mfuko, ukazungushiwa kitambaa chenye unyevu, inafanya kazi ileile.

Aloe vera uliyokamua mwenyewe sikushauri. Jani lina majimaji ya njano chini ya ganda, hayo yanawasha. Hata ukiyachuja, ute wa jikoni una vijidudu, na unaupeleka kwenye kidonda kilichoshonwa. Ile ya dukani nayo mara nyingi ina spiriti na manukato. Soma kibandiko kabla hujalipia.

Beseni Safi

Naongezea kuhusu beseni. "Maji ya moto" ndilo neno linaloleta majeraha. Yawe vuguvugu, nyuzi 37 hadi 40. Huna kipimajoto? Tumbukiza kiwiko: usikie joto la kupendeza, usishtuke. Na mwaga maji baridi kwanza ndipo uongeze ya moto, asije akakalia kabla hujachanganya.

Kina cha sentimita 8 hadi 10 kinafunika msamba. Beseni liwe la kazi hiyo tu, lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe, likauke kabla na baada. Dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, kuanzia siku ya pili uvimbe ukishatulia. Ukianza na joto mapema, damu inajaa mahali pamevimba na maumivu yanazidi.

Nusu saa mara tano kwa siku italowesha ngozi mpaka iwe nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mfuaji. Ngozi hiyo ni dhaifu, na kingo za mshono zinaachia. Baada ya kila mkao akauke vizuri, alale ubavu dakika chache bila chupi juu ya taulo safi. Hewa ni dawa, na haina gharama.

Mafuta ya lavender yaache. Mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea juu, kisha yanajipaka kwenye ngozi yakiwa makali vilevile yalivyotoka kwenye chupa.

Mara ya kwanza awepo mtu karibu. Joto, damu aliyopoteza, na kuinuka ghafla vinatosha kumwangusha.

Shangazi Mtarajiwa

Asanteni sana, nusu ya mpango imeshakufa, na ni afadhali. Sasa chumvi: niweke au nisiweke? Kila mtu ana kipimo chake.

Mfamasia wa Kona

Si lazima. Maji matupu yanatuliza sawasawa, na chumvi haiharakishi kidonda kupona. Ila akiipenda, basi iwe kiasi kinachofanana na mwili: gramu 9 kwa lita moja. Kijiko cha chai cha chumvi laini, kilichofutwa juu, ni gramu 6 hivi, kwa hiyo kijiko kimoja na nusu kwa lita. Kwa lita zako 5 ni vijiko saba hadi nane. Kikombe kizima kinapita gramu 250, yaani zaidi ya gramu 50 kwa lita, wakati maji ya bahari yana kama 35. Ungemkalisha kwenye maji makali kuliko bahari na kidonda kibichi! Chumvi ya mawe iyeyuke yote kwanza, chembe zake zinakwaruza.

Tengeneza mapya kila mara. Maji ya chumvi ya kiwango hiki hayazuii vijidudu kuota, kwa hiyo usiyaweke akiba kwenye ndoo.

Kuhusu vidonge, kwa kuwa vitu vya beseni peke yake mara nyingi havitoshi siku tatu za mwanzo: parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Inafaa kwa anayenyonyesha. Ibuprofeni pia inafaa, tena kwa uvimbe ni nzuri zaidi, lakini anywe baada ya kula, na aulize kwanza mwenye vidonda vya tumbo, pumu, figo, au aliyepandwa na presha wakati wa ujauzito. Aspirini ya kutuliza maumivu na dawa zenye kodeini asijinunulie wakati ananyonyesha. Na angalia dawa za mafua alizonazo nyumbani, nyingi zina parasetamoli ndani yake, hesabu ya vidonge inazidi bila kujua.

Upepo wa Jioni

Mbona hamtaji kujifukiza? Maji yanayotokota na majani, mzazi anachuchumaa juu yake, anakauka haraka.

Mkunga Zamu ya Usiku

Hapana, ndugu yangu, hilo tuliache. Mvuke wa maji yanayotokota unaunguza, na sehemu yenyewe ina ganzi ya uvimbe. Pia hakuna kinachohitaji kukaushwa. Pale kondo lilipobanduka ni kidonda, na damu ya nifasi, ile inayotoka wiki za mwanzo baada ya kujifungua, ndiyo njia ya mwili kukisafisha: nyekundu siku tatu nne za mwanzo, ikageuka ya waridi au kahawia, kisha nyeupe ya manjano mpaka wiki ya nne au ya sita. Kila kitu kinachoingizwa ukeni, majani, mafuta au kitambaa, kinapeleka vijidudu mlango wa kizazi ukiwa haujajifunga.

Choo Bila Machozi

Mnaongelea mshono na kusahau kinachowaliza wengi zaidi, haja kubwa ya kwanza. Choo kigumu kinavuta nyuzi na kukasirisha bawasiri. Maji ya kutosha, vyakula vyenye nyuzinyuzi tangu siku ya kwanza, na asibane haja ikimjia. Chooni aweke miguu juu ya kigoda kifupi, magoti yapande juu ya kiuno, ainame mbele kidogo. Ashike pedi safi aisukume taratibu juu ya mshono kutoka mbele wakati anajisaidia. Inaushikilia, na hofu ya "nitachanika tena" inapungua. Asisukume kwa kuzuia pumzi. Zikipita siku tatu bila choo aombe dawa ya kulainisha, na aliyechanika mpaka kwenye msuli wa njia ya haja asisubiri hata hizo tatu, dawa hiyo huanza kwake mapema.

Bawasiri nazo zinapenda baridi: kitambaa kilichochovywa maji ya barafu na kukamuliwa, dakika kumi.

Mkunga Zamu ya Usiku

Kwa upasuaji: chupa inabaki, pedi kavu zinabaki, kwa sababu damu ya nifasi inatoka vilevile. Beseni linasubiri mpaka kidonda kifunge na aliyemhudumia aruhusu. Kidonda cha tumbo kioshwe taratibu kwa maji na sabuni ya kawaida bendeji ikishatolewa, kikaushwe, hasa kama kuna mkunjo wa ngozi unaolalia juu yake. Nguo za ndani zipande juu ya mshono. Akikohoa au kucheka akumbatie mto tumboni. Chupa ya maji moto asiiweke juu ya mshono, ngozi pale haina hisia na itaungua kimyakimya.

Andika haya ubandike mlangoni mwa chumba. Pedi inayolowa yote ndani ya saa moja au chini ya hapo, mabonge ya damu makubwa kuliko yai, homa ya nyuzi 38 au zaidi, harufu mbaya, mshono kuachia, kutoa usaha au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, kifua kubana au pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Lolote kati ya hayo ni kwenda hospitali sasa hivi, hata usiku, beseni liachwe hapohapo.

Shangazi Mtarajiwa

Nimeelewa. Swali la mwisho, la kijinga kidogo: friza yetu ina nyama na samaki. Pedi ziwekwe wapi?

Barafu Kwanza

Si la kijinga hata kidogo. Rafu ya juu kabisa, juu ya nyama wala si chini yake, ndani ya mfuko wa kufunga usiopitisha maji. Andika tarehe. Ziandae siku chache kabla ya wiki ya 40, usizigandishe sasa, na ile ambayo kifuko chake kimepasuka au imeyeyuka umeme ulipokatika usiigandishe upya. Itupe.