Kuikosa tarehe ya kwanza ya kliniki ya akili ya mtoto: ni uzembe wa mzazi?

Assalaam alaykum. Kuna aliyesema mzazi asiyempeleka mtoto tarehe ya kwanza arudishwe mwisho wa foleni, maana mwenye shida hachelewi. Mimi nakataa.

Mdogo wangu hapa Pemba ana binti wa miaka 9 aliyeacha kulala, kisha akaacha kusema. Kasomewa Qur'ani, kanyweshwa kombe la maji ya aya, na mwalimu wa chuo cha Qur'ani mwenyewe ndiye aliyesema na hospitali mpelekeni. Siku ya kliniki mama akaifunga kadi kwenye pindo la kanga, saa 12 asubuhi yuko kituoni na mtoto. Akatokea jirani: "Mwaenda wapi mapema hivi?" Akajibu, "Kwa shangazi yake." Gari ya kwa shangazi ikaja, wakapanda hiyo. Mpaka alasiri wako kule, kadi imo pindoni.

Huyo mzembe? Jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, tumelisikia likitumika kutukania tangu tuko skuli. Mama akiambiwa daktari wa akili, anawaza nani atakuja kuposa nyumba ile. Tena tarehe ikiangukia msimu wa karafuu, watu wako shambani.

*Jibu, muuguzi:* Dada, nakuelewa, lakini daftari ninalo mimi. Mtoto mgeni hutengewa muda mrefu kuliko wa marudio, kwa kuwa lazima tumsikilize yeye na mzazi. Asipokuja, muda ule umepotea, na yupo mwengine angekuja siku ile ile. Karibu nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 18. Kila mwezi unaopita una hasara yake.

*Aliyeanzisha:* Kweli, na huyo mtoto mwengine ananiuma pia. Lakini ukimrudisha mama nyuma, umemsaidia kujificha. Kwa nini tarehe ya kwanza isiwe kwenye kituo cha afya kile kile alichompelekea mtoto chanjo? Pale jirani hana la kuuliza. Na apigiwe simu jioni yake. Mdogo wangu alikwenda mara ya pili kwa sababu muuguzi mmoja alimpigia, akamuuliza mtoto analala vipi siku hizi. Hakumuuliza kwa nini hukuja. Mama akalia kwenye simu, kisha akauliza: "Nije lini?"