Alama za kuchangia semina: tunapima fikra au uchangamfu?

Mleta mada

Wadau, nasimamia semina za mwaka wa kwanza na kuna jambo naomba tulijadili kwa uzito. Kozi nyingi zinatenga sehemu ya kozi weki kwa ajili ya "ushiriki": anayenyoosha mkono anapata, anayekaa kimya anakosa. Msimamo wangu ni kwamba alama hizo zifutwe. Zinamzawadia mtu kwa hulka aliyokuja nayo, halafu tunaziandika kana kwamba tumepima akili yake.

Wanasaikolojia wengi hupanga hulka katika mafungu matano: uchangamfu, bidii yenye utaratibu, udadisi, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 2012 Michelle Richardson, Charles Abraham na Rod Bond walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka 13 kuhusu ufaulu wa wanafunzi wa vyuo vikuu. Uhusiano wa uchangamfu na ufaulu ulikuwa -0.04, yaani karibu na sifuri. Bidii yenye utaratibu ilipata 0.19. Kwa kipimo ambacho 1 ni uhusiano kamili, hiyo 0.19 ni ndogo, lakini inaonekana. Sasa tunapompa msemaji alama tano na mkimya sifuri, tunasimamia ushahidi gani?

Mhadhiri mstaafu

Takwimu nazikubali, hitimisho silikubali. Ufaulu uliopimwa humo kwa kiasi kikubwa unatokana na mitihani ya kuandika, kwa hiyo sishangai uchangamfu usipoonekana. Nimefundisha sheria miaka mingi. Mtu anapotetea hoja mbele ya wenzake na mmoja akaibomoa, hapo ndipo anaona alipokosea kufikiri, na karatasi haimpi nafasi hiyo. Mkifuta alama, wakimya watamaliza miaka yote bila kufungua kinywa, kisha tutawapeleka mbele ya hakimu.

Mwaka wa pili

Shikamooni. Nyinyi mnazungumzia hulka, mimi naona lugha. Nilisoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza kila somo likageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Kwenye semina hoja ninayo, ila nikimaliza kuipanga sentensi kichwani, mada imeshahama. Tukirudi hosteli kwenye diskasheni, mimi ndiye ninayewaeleweshea wenzangu mada ile ile. Aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza anaandikwa mchangamfu, mimi naandikwa mkimya, na hakuna aliyepima hulka ya yeyote kati yetu.

Mdau kutoka Nairobi

Huku Kiingereza kinashika usukani tangu shule ya msingi, na bado wakimya wapo tele. Kwa hivyo lugha ni sehemu ya jambo, si jambo zima.

Mleta mada

Binti wa mwaka wa pili, hoja yako imeniongezea sababu. Alama moja imebeba hulka, lugha, shule aliyotoka mtu na malezi ya kutomkatiza mkubwa anapozungumza. Alama iliyochanganya yote hayo haimwambii mwanafunzi arekebishe nini.

Mzee wangu, sipingi watu kujifunza kuzungumza. Napinga kumpa alama aliyekuja anajua na kumwacha asiyejua bila kumfundisha. Katika uchambuzi ule ule, kilichohusiana zaidi na ufaulu kilikuwa imani ya mwanafunzi kwamba ataweza kufikia matokeo fulani: 0.59. Sehemu ya imani hiyo inatokana na matokeo aliyokwisha kupata. Kila sifuri ya "ushiriki" tunayomwandikia mkimya inaweza kuimega, na huyo huyo tunamtaka wiki ijayo anyooshe mkono.

Wala nisieleweke kwamba kila hulka iwe na ufundishaji wake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia madai kwamba mwanafunzi hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo wake, na hawakupata ushahidi wa kutosha. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipima mbinu kumi za kujisomea. Kujiuliza maswali bila kuangalia madesa na kugawa usomaji kwa siku nyingi zilishika nafasi ya juu. Kurudia kusoma na kupaka rangi mistari, ambako wengi wetu tunakesha nako, zilikuwa chini. Hizo mbili bora anaziweza msemaji na mkimya.

Napendekeza hivi: semina ianze kwa dakika tano za kila mtu kuandika jibu lake, ifuate mijadala ya watu wanne wanne, Kiswahili ruksa, kisha msemaji wa kundi abadilike kila wiki. Alama ziende kwenye ile karatasi.

Mhadhiri mstaafu

Marahaba binti. Mleta mada, dakika tano nazikubali, na zamu za kusema nazikubali. Lakini zamu isiyo na alama wataikwepa, nawajua wanafunzi wetu. Weka hata mbili, apate kila atakayesimama, awe amesema kwa ufasaha au kwa kugugumia. Na karatasi za watu sitini kila wiki atazisahihisha nani?

Mleta mada

Kwa alama mbili za kusimama tu, hapo umenishawishi. Karatasi zikusanywe zote, zisahihishwe kumi kwa kura kila wiki, na msahihishaji asijue ni za nani.

Mwaka wa pili

Na jibu la karatasi, tutaandika kwa lugha gani?