Barua 412 usiku mmoja, halafu naambiwa "Weka filta"

mwana_kadutu (Bukavu):
Bandugu, vidole vinatetemeka. Mnamjua. Yule yule. Jina sitaji, wote tuko naye kwenye orodha ya barua pepe ya mradi wetu wa programu.

Jana usiku kaamua kufagia tiketi (ripoti za hitilafu) za zamani, za tangu Nuhu anachonga safina. Moja moja anabadilisha lebo, na kila lebo ni barua kwa kila mtu. Kisha anaona lebo kaikosea herufi. Anarudia zote! Asubuhi kuranti inarudi, nawasha simu, inatetemeka mpaka inaanguka toka mezani. Barua 412. Mega za siku nzima zimekwisha sijanywa hata chai.

Ndani ya takataka hiyo, barua moja ilikuwa yangu kweli: mkaguzi wa pachi yangu (marekebisho ya msimbo) kauliza swali, nikimjibu usiku ule ule, inaingia kwenye toleo jipya la programu. Wiki tatu nimeiandika pachi hiyo kwa tochi ya simu! Nimeiona leo saa nne. Toleo limefungwa.

Nikamwandikia kwa heshima: "Mkubwa, ukifanya kazi ya jumla, zima taarifa kwanza." Jibu lake? "Weka filta." Basi. Mbele ya orodha nzima, hata salamu hakuna! Na imenifikia mara mbili, kwangu na kwenye orodha. Weka filta! Mimi!

Filta ninazo, nachuja kwa List-Id, ile alama ya orodha iliyofichwa ndani ya kila barua. Lakini lebo zake na swali la mkaguzi vinatoka kwa mashine ile ile, List-Id ile ile. Filta itajuaje? WEKA FILTA!

birere_24 (Goma):
Huyo! Mimi aliniambia "soma kumbukumbu". Barua za zamani za orodha, za miaka kumi.

fundi_katuba (Lubumbashi):
Pole yaya, lakini 412 ndiyo nini? Orodha ya kerneli ya Linux (kiini cha mfumo wa kompyuta) inatoa barua mamia kila siku, na watu wanalala usingizi.

mwana_kadutu:
Siko kwenye kerneli. Umesoma alichoniambia?

dada_himbi (Goma):
Kaka, kama orodha inaendeshwa na programu ya Mailman, kuna chaguo la kuzuia nakala mbili, liwashe. Filta iweke kwenye seva, si simuni, ikamate neno "lebo". Au chukua mkusanyo wa siku, barua zote ndani ya moja.

mwana_kadutu:
Mkusanyo nilijaribu. Ukijibu bila kubadilisha kichwa cha barua, kinabaki cha mkusanyo, uzi wa mazungumzo unakatika. Na nani alinikaripia mbele ya watu? Yeye!

birere_24:
Afadhali lebo. Kwetu mtu alienda likizo akaacha jibu la "sipo kazini". Likajibu orodha, orodha ikalirudishia, likajibu tena. Siku mbili!

fundi_katuba:
Nyote mnadeka. Njooni kwenye grupu ya familia yangu ya WhatsApp. Shangazi akituma sala, "Amina" sitini kabla ya jua kutoka. Ukitoka, unaitwa kwenye kikao.

dada_himbi:
Amina zina baraka. Sisi leo siku ya tatu bila kuranti.

birere_24:
Mnahesabu siku? Sisi tumeacha kuhesabu. Natafuta betri ya sola.

fundi_katuba:
Binamu yangu anauza, ya ampea-saa 100, imetumika kidogo.

mwana_kadutu:
Bandugu, na ile "Weka filta"?

birere_24:
Binamu yako anatuma mpaka Goma?