Mnaouza puli nyepesi za krenki, waambieni watu mnachowatolea kwenye injini zao

Wakuu,

Uzi huu ni wa hasira na sitapunguza makali. Zile puli za krenki (puli ya mbele ya injini inayovuta mkanda, imefungwa kwenye krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni) za aluminiamu za rangi rangi, nyekundu, bluu, dhahabu, sasa zinauzwa kama vile ni wili kapu. Maneno ya muuzaji ni yaleyale kila duka: funga hii unaongeza nguvu za farasi 10 mpaka 15, gari linakuwa jepesi, linakula mafuta kidogo. Fundi anang'oa puli ya kiwandani, anairusha kwenye rundo la vyuma chakavu, anafunga ya rangi, anapokea hela yake. Mwenye gari anaondoka anashukuru. Hakuna aliyemwambia kilichobaki pale kwenye rundo ni nini.

Iokoteni ile iliyotupwa, ifuteni oili kwa tambara, muitazame kwa mbele. Katikati kuna kitovu cha chuma kinachovaa pua ya krenki. Nje kuna pete nzito yenye mifereji ya mkanda. Kati ya hivyo viwili kuna mstari mwembamba mweusi unaozunguka duara zima. Huo mstari ni raba, na kitovu na pete havijashikana popote isipokuwa hapo. Kiwanda hakikuweka raba kwa urembo, wala pete nzito kwa kukosa aluminiamu. Hiyo ni dampa ya krenki, yaani kituliza mtetemo, na mkanda umepewa nafasi juu yake kwa sababu ipo mbele.

Krenki ukiishika mkononi ni gogo la chuma, unaapa haipindi. Lakini kila silinda inapolipuka inaisokota kidogo, halafu inajiachia, halafu inasokotwa tena. Injini ya silinda nne inapata milipuko 2 kila mzunguko, ya silinda sita inapata 3. Kwa hiyo silinda sita kwenye 6,000 RPM (mizunguko kwa dakika) krenki yake inapigwa mara 300 kwa sekunde. Na kila krenki ina mtetemo wake wa asili. Siku mapigo ya injini yakiangukia kwenye mtetemo huo, msokoto unapanda juu ya msokoto, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Ile pete inayoning'inia kwenye raba imepimwa ijibu kwenye eneo hilohilo, itetemeke kinyume na krenki, na nguvu ya mtetemo iishie kuwa joto ndani ya raba. Kipande kimoja kigumu cha aluminiamu hakili chochote. Mtetemo wote unabaki ndani ya krenki.

Na msije na "mimi sifikishi 6,000". Mlipuko si pigo moja safi, ndani yake kuna mapigo madogo ya kasi zaidi. Chukueni kwa mfano krenki ya silinda sita ambayo mtetemo wake ni 300 kwa sekunde: inaguswa tena kwenye 3,000 RPM na yale mapigo yanayokuja sita kwa mzunguko. 3,000 ni pale unapoovateki lori Chalinze. Unaifikia kila siku.

Sasa tuhesabu hizo farasi 15, maana hapa ndipo uongo unapouma. Tuwape wauzaji kila faida. Tuseme puli yao imepunguza kilo 1.5, na uzito wote huo ulikuwa sentimita 6 kutoka katikati. Gia ya tatu, unatoka 3,000 hadi 6,000 RPM kwa sekunde 5. Nguvu ya kuzungusha uliyookoa ni kama 0.34 Nm. Kwenye 6,000 RPM hiyo ni wati 213 hivi, chini ya theluthi moja ya farasi mmoja. Gia ya kwanza, ukipanda kwa sekunde 2, inafika kama robo tatu ya farasi, na inaisha ukibadilisha gia. Ukiwa unatembea 80 bila kuongeza mwendo, faida ya wepesi ni sifuri, kwa sababu uzito unaozunguka unakula nguvu pale tu unapoongezewa kasi. Basi hayo mafuta yanayopungua yanapungua wapi?

Kwa gari la automatiki hadithi ni mbaya zaidi. Nyuma ya krenki kumekaa toki konvata iliyojaa oili. Kilo moja na nusu mbele haisikiki kabisa. Kinachosikika ni mlio mpya wa mkanda, na mtu anaambiwa "si umesikia gari limeamka?"

Anayetaka injini ipande haraka kweli, na gari lake ni la gia za mkono, apunguze uzito wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki. Kilo 3 zikitoka sentimita 11 kutoka katikati, faida yake inakaribia mara saba ya ile puli, na flaiwili ya kawaida ya kipande kimoja haina raba ya kupoteza. Ina kero zake kwenye kuondoka na kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), lakini angalau unachonunua kipo.

Madhara yanaanzia mbele. Nyuma krenki imeshikwa na uzito wa flaiwili, kwa hiyo pua ndiyo inayocheza zaidi. Na kwenye pua hiyohiyo ndipo injini nyingi zimefunga pampu ya oili: 1JZ na 2JZ za Toyota, RB za Nissan, hata 1NZ na 1ZZ za Toyota, pampu inazungushwa moja kwa moja na krenki. Gia za pampu zinapigwapigwa huku na huku mamia ya mara kwa sekunde. Siku ikipasuka, presha inakata hapohapo, na taa ya oili ikiwaka beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) zimeshaanza kula. Injini ndefu za silinda sita za mstari ndizo zilizo hatarini zaidi, kwa sababu krenki ikiwa ndefu inasokoteka kirahisi. Wenye Mark II na Chaser za 1JZ, nawasihi, hiyo puli ya rangi toeni. Na aliyefikia kufunga kitu hicho kwenye dizeli kama 1HZ ya Toyota, silinda sita, lita 4.2, milipuko mizito kuliko ya petroli, huyo si fundi.

Halafu kuna sili ya mbele, ile raba inayozuia oili isitoke, ambayo hakuna muuzaji anayeitaja. Kwenye injini za cheni ya taiming kama 1NZ-FE na 1ZZ-FE, sili ya kava la mbele haikai juu ya krenki, inakaa juu ya kitovu cha puli. Mdomo wa sili unasugua pale muda wote. Kitovu cha chuma kinavumilia. Cha aluminiamu laini, ukichanganya na vumbi letu jekundu, kinachimbwa mfereji. Pitisha kucha, utausikia. Oili inaanza kutoka, inalowesha mkanda, mkanda unateleza, unabadilishiwa sili mara mbili na tatu huku kosa likiwa kwenye puli.

Bolti nayo. 1NZ-FE inataka kama 128 Nm, 2JZ inazidi 300 Nm. Kichwa cha bolti ya chuma kikikandamiza aluminiamu mbovu, aluminiamu inabonyea taratibu na mkazo unapungua. Puli inaanza kucheza, kii (kipande cha chuma kinachoifunga puli isizunguke peke yake kwenye krenki) inakula mfereji wake, na injini inagonga kwenye sailensi mlio ambao wengi wanaudhania ni konrodi. Watu wamefungua injini nzima wakati tatizo ni puli inayocheza. Na mfereji wa kii ukishaliwa kwenye krenki, jiandae kutafuta krenki.

Puli zilizopunguzwa kipenyo ni shauri jingine, na hapa kuna farasi wachache wa kweli, ila jueni wanatoka wapi. Wanaibwa kutoka kwenye altaneta, pampu ya maji, pampu ya stelingi na kompresa ya AC. Tuseme ya kiwandani ni milimita 140, mpya ni 115. Kila kinachozungushwa na mkanda kimepunguzwa kasi kwa asilimia 18 hivi. Sailensi ikiwa 700 RPM na puli ya altaneta ikiwa milimita 55, altaneta ilikuwa inazunguka kama 1,780, sasa ni 1,460. Washa taa, AC na feni ya rejeta kwenye foleni ya Mandela saa kumi na mbili jioni: altaneta haitoshelezi, betri ndiyo inayolipa. Na kwenye 1NZ au 1ZZ pampu ya maji iko kwenye mkanda huohuo, kwa hiyo maji yanazunguka polepole pale hasa gari limesimama kwenye joto. Kupunguza kasi ya vifaa ni akili ya injini ya mashindano inayokaa juu ya 5,000 muda wote, ambako pampu na altaneta huzungushwa kupita mahitaji. Teksi haikai huko.

Mkanda pia unabadilika. Kipenyo kikipungua milimita 25, mkanda uliokumbatia nusu ya puli unatakiwa uwe mfupi kwa milimita 39 hivi. Ulikuwa 6PK1500 (mifereji sita, urefu milimita 1500)? Tafuta unaokaribia 6PK1460. Mnaulazimisha wa zamani, tenshena, kile kikaza mkanda, inafika mwisho, mkanda unapiga kelele, mnapaka sabuni.

Nisidhulumu: zipo sehemu ambazo puli nyepesi haina ubaya. Puli za altaneta, stelingi na pampu ya maji, zikiwa na kipenyo kilekile na zimechongwa sawasawa, hazigusi mtetemo wa krenki. Faida ni ndogo, hasara ni ndogo. Ila kama puli ya altaneta yako ina klachi ndani, ile inayozunguka upande mmoja tu, usiweke ngumu mahali pake, mkanda utapigapiga mpaka tenshena ife. Injini ambayo kiwanda chenyewe kimeiwekea puli ngumu isiyo na raba, badilisha ukitaka. Na injini ya mashindano inayofunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mbio chache, mwenye nayo anajua anachokilipia. Aliyeongeza nguvu kwenye 2JZ anahitaji dampa bora zaidi, kama zile za mafuta mazito ya silikoni ndani. Haendi kuondoa dampa.

Kwa waliokwishafungiwa, fanyeni hivi. Tafuteni puli ya kiwandani. Ikiwa ya mtumba, angalieni raba yote mzunguko mzima: isiwe na nyufa, isiwe imevimba kutoka nje, pete isiwe imesogea mbele au nyuma ya kitovu. Wakati wa kutoa, msivute kwa kushika pete ya nje, mtachana raba; vuteni kwa matundu ya bolti yaliyo kwenye kitovu, na nyundo kaeni nayo mbali. Kagua kii. Badilisha sili kama kitovu cha zamani kilikuwa na mfereji, paka oili kidogo kwenye mdomo wake. Kaza kwa spana ya kupimia mkazo, huku kitovu kimezuiwa kwa chuma. Mashine ya upepo haijui 128 wala 300. Mwisho piga mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kitovu, juu ya raba, hadi kwenye pete. Baada ya wiki tazama. Mistari ikiachana, raba imeshakata na hiyo dampa haifai.

Pia chaneni filta ya oili iliyotoka, mkunjue karatasi yake juani. Mkiona chembe zinazometameta, pimeni presha ya oili kabla ya safari nyingine yoyote.

NYONGEZA: Wanaoleta hoja kwamba Subaru zenye injini ya EJ zinafungwa puli hizi na hazifi, ni kweli krenki ya boksa (injini ya silinda zilizolala pande mbili) ni fupi na inasokoteka kidogo kuliko ya silinda sita ya mstari, ndiyo maana wengi wanafunga na gari linaendelea. Hesabu ya farasi inabaki ileile, na pampu ya oili ya EJ bado iko kwenye pua ya krenki.

NYONGEZA 2: Mwenye Mazda ya injini za L, LF-VE au L3-VE, na Ford za Duratec za familia hiyo, soma kabla hujamruhusu mtu kushika spana. Krenki hizo hazina kii. Puli na gia ya cheni vimeshikwa na mkazo wa bolti peke yake, kwa hiyo ukilegeza bolti bila kufunga krenki na kemshafti (shafti inayofungua vali) kwa vifaa vyake, taiming, yaani mpangilio wa krenki na vali, imepotea. Na meno yanayosomwa na sensa ya krenki yako nyuma ya puli hiyohiyo. Ukiifunga ikiwa imesogea jino moja, komputa ya injini inasoma uongo kila mzunguko.