Mrejesho: kukariri Zaburi 119 na kikundi cha Kondele

Niliuliza jinsi ya kusaidia kikundi cha nyumbani hapa Kondele, Kisumu, ili Neno lisiishie kwenye daftari. Asanteni wote. Aliyependekeza Zaburi 119, Mungu akubariki: mistari 176, beti 22 za mistari minane. Ubeti mmoja kwa wiki, mistari miwili kwa siku, siku nne. Siku tatu zilizobaki ni kurudia bila kufungua Biblia.

Tafsiri iwe moja. Wengine wakishika Union Version na wengine Habari Njema, kukariri kwa pamoja kunavurugika mstari wa kwanza tu. Ugumu mwingine: karibu kila mstari unataja sheria, amri, maagizo au shuhuda, hivyo ulimi huruka ubeti. Dawa ni kuandika herufi ya kwanza ya kila neno, kisha kusoma kwa herufi hizo pekee.

Na kukariri peke yake hakumgeuzi mtu, naona hapo wengi hukwama. Kila ubeti tunatoa tendo moja. Mstari wa 37, macho yageuzwe yasitazame visivyofaa: vijana walichagua kufuta programu za kubeti kwenye simu, na kila mmoja ana mwenzake wa kumuuliza Jumapili.