Naombeni ushauri: protini yangu haishiki selulosi, nimekosea wapi?

Binti_Maabara
Wakuu salaam. Nasoma uzamili wa baiokemia. Nimeunganisha kimeng'enya changu na kipande kinachoshika selulosi kutoka bakteria Cellulomonas fimi, kile cha mwanzo cha protini CenC, ili nikisafishie kwenye unga wa selulosi maana vifaa vya kusafishia ni bei mbaya. Nimechanganya, nimezungusha kwenye mashine, nimepitisha kwenye jeli kuona protini ilipo: protini yote imebaki kwenye maji. Nimerudia mara nne. Msimamizi anahisi haikujikunja vizuri. Nimebakiza miezi miwili. Nianze upya?

Kigongo
Pole dada. Bafa yako (maji ya chumvi unayoyeyushia protini) ina EDTA? Hiyo huondoa kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inakaza umbo la hicho kipande.

Mzee_wa_Jeli
Mdogo wangu, usitupe kitu. Unga wako ni ule wa fuwele ndogondogo? Kama ndio, sidhani protini yako ina kosa.

Vipande vinavyoshika selulosi hugawanywa kwa familia. Hicho chako ni cha familia ya 4, kina amino asidi 152, na umbo lake lilijulikana kwa NMR (kipimo cha sumaku) mwaka 1996. Ni tabaka mbili za nyuzi za beta zilizolaliana, na upande mmoja pana mfereji wa kuingia glukosi kama tano za mnyororo mmoja wa selulosi. Sasa kwenye fuwele minyororo imebanana kama ukili kwenye mkeka. Hakuna uliolegea wa kuingia humo.

Tazama cha familia ya 2 cha bakteria huyohuyo, kwenye kimeng'enya chake cha zailanesi kiitwacho Cex. Hakina mfereji, uso wake ni bapa, na amino asidi tatu za triptofani (namba 17, 54 na 72) zimejipanga zikilala juu ya pete za glukosi. Hicho ndicho hushika fuwele. Cha familia ya 3 cha Clostridium thermocellum nacho ni bapa vilevile. Inaniuma kuona watu wanaagiza jeni kabla ya kutazama umbo.

Ili minyororo ilegee, unga uloweshe maji kidogo, utie asidi ya fosforiki 85% iliyo baridi, uuache kwenye barafu saa moja, umimine maji ya barafu, kisha uoshe mpaka asidi iishe. Usiukaushe kabisa! Ukikauka minyororo inabanana tena.

Kigongo
Nimekuelewa mkuu, nilikimbilia kalsiamu. Lakini dada, EDTA iache tu.

Binti_Maabara
Nimerudi baada ya siku tatu. Unga ulikuwa wa fuwele kweli. Nimefanya kama ulivyosema mzee wangu, na protini imeshuka na selulosi, juu kumebaki kidogo sana. Nimelia. Sasa naing'oaje bila kukiua kimeng'enya?

Mzee_wa_Jeli
Hongera! Kama imeshika mferejini, basi imejikunja. Mwonyeshe msimamizi hiyo jeli. Kung'oa, anza na ethilini glaikoli, ukiiongeza polepole, na kila hatua pima kama kimeng'enya bado kinafanya kazi. Leta majibu hapa.