Naomba ushauri: nina kiwanda kidogo cha uchapaji Dodoma, nataka kupunguza uchafuzi bila kupandisha bei

Mchapaji_Kizota

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu, hasa mlioko kwenye uchapaji au mnaoelewa mambo ya taka.

Nina kiwanda kidogo huku Kizota. Kuna mashine moja ya ofseti, Heidelberg GTO 52 ya rangi moja, gilotini (mashine ya kukatia karatasi), mashine ya dijitali ya kazi za haraka, na mashine ya mabango niliyoongeza baada ya wizara kuhamia mji wa serikali wa Mtumba na kazi za semina kuwa nyingi. Tunachapa vitabu vya risiti, fomu za shule, vipeperushi, vijitabu vya warsha, na mwisho wa mwaka kalenda. Pleti, yaani bamba zenye maandishi na picha za kuchapwa, natengenezewa nje, kwa hiyo dawa za kusafishia pleti siyo tatizo langu.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni petroli. Fundi anaoshea rola za wino na blanketi (ule mpira unaohamishia wino kwenye karatasi) kwa petroli, kama wanavyofanya mafundi karibu wote ninaowafahamu hapa mjini. Kazi ya rangi nne kwenye mashine ya rangi moja maana yake ni kuosha kila rangi inapobadilishwa, na chumba kina dirisha moja tu. Jioni kijana analalamika kichwa kinamgonga. Petroli chafu inaishia kwenye mtaro wa nyuma. Ukipita pale asubuhi, tope limeshika utando wa zambarau unaometameta, matambara yamegandamana pembeni, na mvua ikinyesha mbuzi wa jirani wanakunywa hapohapo. Sitaki iendelee hivyo.

Halafu kuna vipande vya gilotini. Ni magunia kwa magunia, na gari la taka linachukua kila kitu kwa pamoja. Mabango ya zamani nayo wateja wananirudishia, wanasema hawana pa kuyaweka.

Kuna taasisi imeniomba nieleze kwenye maombi ya zabuni hatua ninazochukua kuhusu mazingira. Nataka niandike kitu cha kweli. Sina mtaji wa mashine mpya. Nianzie wapi?

---

fundi_rola

Dada, anza na petroli, mengine yatasubiri. Nimesimama kwenye mashine za ofseti tangu nikiwa kijana, Dar na sasa Dodoma, na hiki ndicho kinachotumaliza mafundi polepole.

Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali kuliko friza ya nyumbani, sembuse kwenye joto letu la Novemba. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hauendi juu, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na cheche ya swichi au mota. Ndani yake kuna benzeni, ambayo taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Huyo kijana wako anayelalamika kichwa hadeki.

Tafuta dawa maalumu ya kuoshea rola na blanketi. Wauzaji wa wino Dar wanayo, mwambie muuzaji akuoneshe karatasi ya usalama inayoeleza hatari za dawa, na uchague ambayo mvuke wake hauwezi kushika moto mpaka joto lizidi nyuzi 60 za Selsiasi. Lita moja ni ghali kuliko petroli, hilo sikufichi. Ila haipotelei hewani haraka, kwa hiyo unatumia kidogo, na mpira wa rola unadumu. Petroli inaukausha mpira mpaka unang'aa kama kioo, wino haushiki, na rola mpya unazijua bei zake. Dawa hizi zinakauka polepole, ndiyo maana mafundi wengi wanazikataa siku ya kwanza. Mwambie apitishe kitambaa chenye maji kidogo mwishoni, utelezi utaondoka.

Mafuta ya taa ni afadhali ya petroli kwa upande wa moto, lakini yanaacha utando wa mafuta na kichwa kitaendelea kuuma. Kama huna njia nyingine yatumie kwa muda tu.

Sasa hili halina gharama kabisa: panga kazi. Anza na njano, nyeusi iwe ya mwisho. Vitabu vyote vya risiti vya wino mweusi vikusanye siku moja. Ukitoka rangi nyepesi kwenda nzito huhitaji kuosha kwa nguvu ileile kama unapotoka nyeusi kwenda njano. Mimi nikipewa nafasi ya kupanga wiki, chupa ya kuoshea inadumu karibu mara mbili.

Dawa iliyotumika usiimwage. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, iache itulie. Wino unazama chini, juu unabaki na dawa safi kiasi. Hiyo ya juu ndiyo ya kuoshea mara ya kwanza, halafu unamalizia na mpya kidogo.

Na feni ya kutoa hewa iwekeni chini karibu na sakafu. Naona watu wanaiweka juu kwenye dari wakati mvuke uko miguuni.

---

Sokoni_Tu

Mimi nitasema tofauti. Mteja wa hapa anauliza bei ya kitabu cha risiti, akisikia umezidi mia mbili anavuka barabara. Dawa maalumu, feni, sijui nini, wenzako hawana hayo na wanauza. Fanya unachotakiwa kisheria, basi. Usijibebeshe mzigo ambao soko halitakulipa.

---

mama_gilotini

Sokoni_Tu, nakuheshimu lakini hapo sikubaliani nawe. Kwenye uchapaji, taka nyingi ni karatasi uliyoinunua kwa hela. Ukiipunguza hupandishi bei, unaishusha.

Mdogo wangu wa Kizota, mimi niko kwenye kukata na kushona vitabu miaka mingi, kwa hiyo nitakuelezea upande wangu.

Taka inaanza kabla mashine haijawashwa. Mteja analeta kijitabu cha A5 cha kushona kwa stepla, kurasa 50. Karatasi moja ya A3 inabeba kurasa nane za A5 mbele na nyuma. Kurasa 48 zinaingia sawasawa kwenye karatasi sita. Hizo mbili za ziada zinakulazimisha uanze karatasi ya saba, na kwa kuwa kitabu cha stepla lazima kurasa zigawanyike kwa nne, zinabaki kurasa mbili tupu. Kwa nakala elfu moja hizo ni karatasi mia tano za A3, yaani rimu nzima, pamoja na pleti, wino na muda wa fundi. Mpigie simu. Mwambie, "Mheshimiwa, tukipunguza kurasa mbili nakupunguzia bei." Hajawahi mtu kunikatalia.

Vilevile kazi ndogondogo ziunganishe kwenye pleti moja. Kadi za biashara za wateja kadhaa zikae karatasi moja kama ni karatasi ya aina moja. Karatasi ngumu ya kadi za harusi ikibaki na nafasi pembeni, jaza lebo au tiketi.

Sasa la Dodoma, ambalo waliojifunzia Pwani hawalijui. Kuanzia Juni mpaka mvua zianze, hewa yetu ni kavu mno. Ukifungua rimu asubuhi na kuiacha wazi, jioni kingo zimepoteza unyevu na kujikaza kuliko katikati. Karatasi inapinda, zinashikana mbili mbili kwa umeme ule unaokurusha vinyweleo, na rangi ya pili haikai juu ya ya kwanza. Fundi anaseti tena na tena, anatupa karatasi, anailaumu mashine. Karatasi ikae ndani ya kifungashio chake mpaka dakika ya kuchapa. Iingize chumba cha mashine siku moja kabla ili izoee joto la mle. Iliyochapwa rangi moja inayosubiri nyingine, ifunike kwa nailoni. Nunua kipimo cha unyevu, ni kitu kidogo cha kutundika ukutani, na chumba kiwe kati ya asilimia 45 na 55. Beseni la maji lenye taulo lililoning'inizwa linasaidia pale usipokuwa na mashine ya kuongeza unyevu. Mimi nimeona magunia ya uchafu yakipungua kwa hilo peke yake.

Vipande vya gilotini vitenganishe hapohapo chini ya kisu. Vyeupe visivyo na wino gunia lake, vyenye wino gunia lingine, maboksi ya khaki lingine. Karatasi yenye lamineshini au gundi ya stika isiingie humo, inaharibu mzigo mzima. Wanunuzi wa karatasi chakavu wapo, wanapeleka kwenye viwanda vinavyotengeneza karatasi za chooni na maboksi. Bei ya nyeupe tupu ni nzuri kuliko ya mchanganyiko. Vipande virefu vyenye upana wa kutosha usiuze, shona madaftari madogo ya kunakili. Walimu wa shule za msingi hapa mtaani kwangu wanayachukua yote.

---

Mchapaji_Kizota

Dada yangu mama_gilotini, hilo la kingo kukauka limenifungua macho. Mwezi wa nane kila mwaka tunapigana na mashine. Asante sana. Fundi_rola, shikamoo, maelezo yako nimempelekea kijana wangu, ameyasoma mwenyewe na ameanza kuuliza maswali mazuri.

Mabango je? Na ule mtaro?

---

Mwanafunzi_Mazingira

Dada, niko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nasoma mambo haya. Mtaro ufunge leo. Mji huu hauna mto wa kututegemeza. Maji ya bomba kwa sehemu kubwa yanatoka visima virefu vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, na mitaani watu wengi wamechimba visima vyao kwa sababu ya mgao. Mvua zetu ni chache na za miezi michache, kwa hiyo kinachomwagwa kiangazi kinakaa palepale kwenye udongo kikisubiri mvua ya kwanza ikishushe au ikipeleke kwa jirani. Mafuta ya petroli hayahitaji kuwa mengi kuharibu ladha na harufu ya kisima.

Kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazungumzia taka hatarishi, na matope ya wino, dawa chafu na matambara yaliyolowa yanaingia humo. Anayezibeba lazima awe na kibali. Nenda ofisi ya baraza la taifa la mazingira, NEMC, Kanda ya Kati hapa mjini, omba orodha ya wabebaji wenye vibali, na ukimpata mmoja dai karatasi ya makabidhiano kila anapochukua mzigo. Mzigo wako ni mdogo, hivyo ongea na wachapaji wenzako wa karibu mjaze pipa kwa pamoja. Hapo Sokoni_Tu, hicho ndicho kiwango cha chini cha kisheria ulichokisema.

Mabango yale ya flekisi ni plastiki ya PVC. Yasichomwe, hata kipande. Yakiungua yanatoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu, pamoja na dioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka. Bango lililokwisha kazi linafaa kufunika mizigo, kibanda cha kuku, matofali mabichi yasinyeshewe. Kuanikia mahindi au mtama wa kula siyo vizuri kwa sababu ya wino.

La maana zaidi ni kulifanya bango lidumu. Mashirika yanachapa bango la maadhimisho yaleyale kila mwaka kwa sababu tarehe tu imebadilika. Wape mchoro usio na tarehe, tarehe na kaulimbiu viwe kwenye kipande cha pembeni kinachobandikwa na kubanduliwa. Na kwa shughuli za ndani ya ukumbi, uliza kama watakubali kitambaa badala ya flekisi.

---

AfisaUgavi

Nachangia kwa upande wa mnunuzi, maana maelezo kama hayo mnayoombwa huwa yanapita mezani kwangu.

Dada, usiandike "sisi ni rafiki wa mazingira". Kila mtu anaandika hivyo. Andika unachofanya na kinachothibitika: dawa gani ya kuoshea mnatumia, karatasi chakavu mnamuuzia nani na risiti zake, nani anabeba taka hatarishi, ukaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, ulikuwa lini. Piga picha ya magunia yaliyotenganishwa. Anza daftari la kilo za karatasi chakavu kila mwezi, lipime dhidi ya karatasi uliyonunua. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kilo mbili na nusu, hesabu ni rahisi. Mzabuni anayenionesha daftari la miezi sita namwamini kuliko mwenye maneno matamu.

Jambo moja la tahadhari. Kuna wanaobandika nembo ya FSC, ile ya karatasi iliyotoka misitu inayosimamiwa vizuri, kwenye kazi kwa sababu tu boksi la karatasi lilikuwa nayo. Nembo ile kwenye kazi iliyochapwa ni ya wachapaji wenye cheti chao wenyewe, maana kila aliye kwenye mnyororo kutoka msituni mpaka kwenye uchapaji anatakiwa awe nacho. Bila cheti usiiweke, hata mteja akikubembeleza.

Na sisi wanunuzi tuna lawama yetu. Tunaagiza nakala 500 kwa semina ya watu 120. Ukiona idadi haileti maana, tuulize. Chapa kidogo kwa dijitali, ziada ikihitajika tutaagiza tena.

---

Sokoni_Tu

AfisaUgavi, kama kweli mnaangalia daftari kwenye zabuni, basi nimekuelewa. Hilo sikulijua. Hata hili la kurasa 48 naanza nalo kesho.

---

Mchapaji_Kizota

Nimewaelewa wote, Mungu awabariki. Mpangilio wangu ni huu: wiki hii mtaro unazibwa na dawa chafu inaanza kuwekwa kwenye chombo. Nimeshaagiza lita tano za dawa ya kuoshea kwa majaribio, na magunia matatu yamewekwa chini ya gilotini. Feni itasubiri malipo ya kazi ya mwisho wa mwezi, ila dirisha la pili naanza kulitoboa. NEMC nitaenda mwenyewe.

Fundi_rola, nina swali moja tu. Matambara yaliyolowa wino niyaweke kwenye gunia hilohilo la taka hatarishi mpaka mbebaji aje?

---

fundi_rola

Marahaba. Gunia hapana. Wino wa ofseti una mafuta yanayokauka kwa kuvuta hewa, na yanapokauka yanatoa joto. Matambara yakirundikwa yanapata moto yenyewe kwa ndani, bila kiberiti. Chukua debe la bati lenye mfuniko unaobana, weka maji kidogo chini, liwe nje kwenye kivuli mbali na stoo ya karatasi. Kila jioni kabla fundi hajafunga mlango, chumba cha mashine kisiwe na tambara hata moja. Mpe pia glavu za naitraili, zile za mpira wa kawaida zinalainika zikikutana na dawa hizi.